Paka wa Herufi

Zubeida Swaleh alikuwa hapitilizi nyumbani baada ya shule. Kwanza alipitia kwa shangazi yake, Khamisa, aliyekuwa na ofisi ya kupiga chapa mjini Thika, chumba chembamba kati ya fundi viatu na duka la mbegu. Huko alikuta uji wa moto kwenye chupa, na taipureta mbili: ile nzuri ya Shangazi, na nyingine kuukuu ambayo herufi yake ya "e" ilikuwa imechoka kabisa. Hiyo kuukuu aliruhusiwa kuitumia, mradi apige kwenye karatasi zilizokwisha kutumika upande mmoja.

Mwaka ulikuwa 1998. Kompyuta zilikuwa chache mjini, na watu walimletea Khamisa kila kitu, kuanzia barua za kuomba kazi hadi kadi za harusi. Siku moja alikuja Mzee Ephantus Kagwe, amefura kwa hasira kwa sababu ya mtaro ulioziba mbele ya nyumba yake.

"Andika kwamba nimechoka!"

"Nimeandika, Mzee."

"Haiya, andika tena!"

Khamisa akaandika tena. Alipomaliza, chini kabisa kwenye kona akapiga herufi chache: EK/kw. Ndivyo alivyofanya katika kila barua. Herufi kubwa zilikuwa za mwenye maneno, Ephantus Kagwe. Zile ndogo zilikuwa za mpiga chapa, Khamisa Waleed. Zubeida alikuwa ameziona tangu hajajua kusoma, na kwa kuwa alikuwa amezizoea, hakuwahi kuzifikiria.

Karatasi za kuchezea zililetwa na Irshad, mtoto wa Shangazi, aliyekuwa akisomea kompyuta Nairobi. Katika rundo hilo ndimo Zubeida alimokutana na paka. Alikuwa paka mnene, amevaa miwani, anasoma gazeti, na wala hakuchorwa kwa kalamu. Mwili wake wote ulikuwa herufi, nyota, mabano na vistari! Watu wa kompyuta walikuwa wakitunga picha kama hizo na kutumiana kwenye Intaneti, kwa kujifurahisha tu. Zubeida alicheka peke yake, kisha akaketi kwenye taipureta kuukuu.

Alimnakili paka yule kwa wiki mbili, herufi kwa herufi, Shangazi akiwa ameinamia barua zake. Haikuwa kazi ya mchezo. Akikosea nafasi moja tu, sikio lilihamia shavuni, naye alianza upya. Yule wa mwisho alimpiga kwenye karatasi safi.

Wiki aliyomaliza, Mwalimu Njau alitangaza kwamba shule ingepeleka kazi moja ya sanaa kwenye maonyesho ya Ruiru. Zubeida alipeleka paka. Darasa zima la saba lilimzunguka, kila mtu akitaka kuona.

"Umemtunga mwenyewe?" Mwalimu Njau aliuliza.

Zubeida alikuwa na nafasi ya kusema kweli. Lakini wenzake walikuwa wakimtazama kwa macho makubwa, na kutazamwa hivyo kulikuwa kutamu mno.

"Ndiyo, Mwalimu. Nimemtoa kichwani."

"Na hizi herufi tatu miguuni, jhk?"

Zubeida alikuwa amezinakili pamoja na nyingine zote, bila kujua zilikuwa za nini. "Hayo ni majani, Mwalimu."

"Mnaona?" Mwalimu Njau aliwageukia wanafunzi. "Hata majani hakuyasahau!"

Paka akachaguliwa kwenda Ruiru. Aliyeshika nafasi ya pili alikuwa Mumbi Wainaina, rafiki yake wa dawati moja. Alikuwa ametengeneza roboti wa makopo, macho ya vifuniko vya soda. Ukivuta kamba ya nyuma, alitikisa kichwa kukubali. Ukivuta ya pembeni, alipunga mkono. Mumbi alikuwa amemhangaikia muhula mzima.

"Hongera," Mumbi alisema polepole, akimfunika roboti wake kwa sweta. Zubeida hakuweza kumwangalia usoni.

Shangazi Khamisa naye hakujiweza kwa furaha. Alibandika picha ukutani ingoje safari ya Jumamosi, na kila mteja alionyeshwa apende asipende. Hata Musau, fundi viatu, aliitwa mara tatu. "Ni ya mtoto wa kaka yangu! Ametunga mwenyewe!" Kila alipolisikia neno "mwenyewe", Zubeida alijikunyata.

Jumatano Irshad alikuja likizo. Shangazi alikuwa ametoka kupeleka barua. Irshad aliitazama picha, akapasuka kwa kicheko.

"Huyu paka namfahamu! Umempiga kwa taipureta? Wacha! Una subira, wewe." Kisha akagusa zile herufi tatu. "Na umemwachia mwenyewe sahihi yake. Vizuri."

"Sahihi gani?"

"Hii, jhk. Wanaotunga picha hizi huweka herufi za majina yao pembeni, ijulikane ni nani aliyezitunga. Ulidhani ni nini?"

"Majani," Zubeida alinong'ona.

Irshad alicheka hadi akashika meza, kisha akaona machozi ya binamu yake, akanyamaza. Zubeida alimweleza yote.

"Mimi sitasema," Irshad alisema. "Ni neno lako, useme wewe." Akaenda nyumbani kuoga.

Zubeida alibaki na paka. Kwa mara ya kwanza alimfikiria huyo jhk, mtu mzima au mtoto, aliyeketi mahali fulani akiwaza paka avae miwani au asivae. Angefanya nini sasa? Angesema, na aibu ingemwua. Mezani palikuwa na kichupa cha dawa nyeupe ya kufutia makosa. Kabla hajafikiri mara mbili, alikuwa ameibandua picha ukutani na kuzipaka zile herufi zikapotea.

Shangazi alirudi, akavua viatu, akaona kidole cheupe cha Zubeida. Alichukua picha, akaigeuza, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha kama anavyofanya kila mpiga chapa akitaka kujua kilichofutwa. Kwa nyuma, jhk zilionekana wazi.

"Nani huyu, Zubeida?"

"Ndiye mwenye paka, Shangazi." Akalia kwa kwikwi. "Mimi nilimpiga chapa tu."

Khamisa aliketi. Furaha yake ya wiki nzima ilimtoka usoni, na hilo lilimuuma Zubeida kuliko fimbo yoyote. Kisha Shangazi alimvuta karibu.

"Wewe umekulia ofisini humu. Barua ya Mzee Kagwe, ningeweka KW peke yake, ningekuwa nani?"

"Mwizi wa maneno yake."

"Na ningeacha kuweka zangu?"

"Kazi yako isingejulikana."

"Basi hujashindwa kuelewa. Kesho tunakwenda kwa mwalimu wako. Utasema wewe, mimi nitasimama mlangoni."

Asubuhi Zubeida alisema yote mbele ya darasa. Mwalimu Njau alimsikiliza hadi mwisho.

"Kwa nini ulidanganya?"

"Nilipenda kusifiwa, Mwalimu."

"Umenihuzunisha. Lakini leo umenijibu ukweli mgumu, nami naupokea. Mumbi, jiandae kwa Ruiru."

Mumbi hakumsemesha Zubeida hadi mapumziko. Ndipo alipokuja na roboti kwapani, bado amenuna.

"Ati majani!" alisema, na mdomo ukaanza kumcheza. "Sikiliza. Kamba ya mkono inataka mtu wa pili. Unakuja ama huji?"

Zubeida alikwenda. Jioni ya kuamkia safari aliketi kwenye taipureta kuukuu. Alipiga kadi ya kuweka miguuni mwa roboti, yenye jina la Mumbi kwa herufi kubwa, na kwenye kona: MW/zs. Huko Ruiru watoto walipanga foleni kumuuliza roboti maswali, naye alikubali kila kitu. Hata jaji mmoja alimuuliza kama yeye, jaji, ni mzee, roboti akatikisa kichwa kukubali, ukumbi ukaangua kicheko. Walipata nafasi ya tatu, na Mumbi alirudi Thika akiimba.

Likizo ilipofika, Zubeida aliketi tena kwenye taipureta kuukuu. Hakuwa na picha ya kutazama. Alitunga jogoo wa jirani, akaharibu karatasi kumi na moja. Jogoo aliyetokea alikuwa amepinda shingo, na mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake.

"Ameumia?" Shangazi aliuliza.

"Hapana, Shangazi! Anawika!"

Khamisa alivaa miwani, akamkagua jogoo kuanzia upanga wa kichwani hadi kucha. Chini kabisa kwenye kona akasoma: ZS/zs. Akazigusa herufi hizo kwa kidole.

"Yule paka alikuwa mzuri kuliko huyu," alisema, "lakini kila nilipomsifu, wewe ulijikunyata. Ukichukua sifa ya mwenzako hutaifurahia, hata ukisifiwa na mji mzima. Kazi yako mwenyewe, hata ikipinda shingo, utaitazama bila kuogopa mtu."

Akambandika jogoo ukutani, pale pale alipokuwa paka, kisha akatoka mlangoni kumwita Musau.