Jani la Isale na Mashine ya Bandarini

Mtaa wa Kimandolu, Arusha, ulizoea kuamshwa na randa ya Elinami. Kabla majirani hawajabandika chai, fundi huyu alikuwa tayari ameinama juu ya ubao, anasukuma randa, anavuta, anasukuma tena. Maranda yalimjaa miguuni hadi mkewe, Ruth, akawa anayafagia huku ananung'unika.

Lakini mwaka huo randa ilianza kunyamaza mapema. Bega la kulia la Elinami lilikuwa limechoka. Akisukuma kidogo tu, maumivu yanashuka hadi kwenye kiwiko. Hakumwambia mtu, ila Ruth alimwona usiku akishindwa kuvua shati.

"Baba Princess, hilo bega litakuharibikia kabisa," Ruth alimwambia.

"Subiri mashine ije," Elinami alijibu. "Mashine haina bega."

Mashine yenyewe ilikuwa ya kuranda mbao. Elinami aliiagiza ng'ambo baada ya kudunduliza kwa miaka. Ilikuwa inakuja kwa meli, ndani ya sanduku kubwa la mbao, kupitia bandari ya Tanga. Na Elinami hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Mdogo wake, Gerson, ni mwalimu wa shule ya msingi hukohuko Tanga.

"Bandari iko Tanga, na Gerson yuko Tanga," alisema. "Kazi imekwisha."

Habari zilipokuja kwamba meli imefika, alimpigia simu. Gerson akaenda. Jioni akapiga yeye.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umeshapakia?"

"Kaka, wamenirudisha getini. Wanasema mtu haendi tu bandarini kubeba mzigo. Mwenye mzigo anatakiwa awe na wakala wa forodha."

Elinami alicheka kwa hasira. "Gerson, nimekutumia maparachichi kwa basi mara ngapi? Unafika stendi, unataja jina, unabeba. Sasa leo umeshindwa nini?"

"Bandari siyo basi, kaka."

"Usinifundishe! Mimi siyo mwanafunzi wako."

Akakata simu. Gerson alipiga tena siku ya pili na ya tatu. Elinami aliitazama simu ikilia, akaiacha. Ubishi ulikuwa umempanda kichwani, na mtu mbishi akikaa peke yake huanza kujitungia mambo. Akajiambia kwamba Gerson anamzungusha. Wiki moja baadaye akajiambia kwamba Gerson ameshaiuza mashine. Na kwa bahati mbaya hakuishia kujiambia. Alimpigia mama yao, Bibi Ndeshi, kule Marangu.

"Mama, Gerson amekula mashine yangu."

Bibi Ndeshi akauliza, "Umeona kwa macho yako?"

"Sijaona, lakini..."

"Basi nawe umekula jina la mwenzako," alisema mama, akakata.

Maneno hayakai kijijini bila kusafiri. Yalimfikia Gerson kwa mdomo wa shangazi, yakiwa yameongezwa chumvi njiani. Gerson aliumia sana. Akamwandikia mama yake ujumbe mfupi: Krismasi hii sitakuja nyumbani. Siwezi kula nyama na watu wanaoniita mwizi.

Kila Desemba, watoto wote wa Bibi Ndeshi hupanda mlimani. Watoke Tanga, watoke Arusha, watoke wapi, lazima wafike. Mbuzi hushikwa na Elinami na Gerson, mkubwa upande wa kichwa na mdogo upande wa miguu. Ndiyo desturi aliyoiacha baba yao. Bibi Ndeshi alipiga simu Kimandolu, na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Elinami, mbuzi wa nyumba hii hashikwi na ndugu mmoja. Kama Gerson haji, na wewe usije. Sitafungua mlango wa jiko."

Elinami aliweka simu juu ya ubao akaketi. Kwa mara ya kwanza aliogopa. Mashine ilikuwa Tanga, imefungiwa. Mdogo wake alikuwa Tanga, amenuna. Na sasa mama naye anafunga jiko.

Mtu akitapatapa, wa kumwokoa ni wengi, na waongo ni wengi zaidi. Jamaa mmoja asiyemfahamu alimpigia simu. "Mzee wangu, mimi ni mtu wa ndani pale bandarini. Nawajua wakubwa wote. Nitumie kidogo ya chai, kesho mzigo uko nje." Elinami alijibu kwamba atafikiri. Alipofikiri, akakumbuka mila ya kwao. Kwa Wachaga, mtu akikosana na mwenzake, humpelekea jani la isale. Ukipewa isale huwezi kukataa kusamehe. Kama kuna mkubwa wa bandari aliyekasirika akaishikilia mashine, basi hata yeye atalainika.

Asubuhi akachukua panga, akaenda kwenye mpaka wa kiwanja chake na cha jirani, ambako alikuwa amepanda masale. Alikuwa amekata jani moja zuri, la kijani kibichi, aliposikia sauti upande wa pili.

"Baba Princess! Unakata mpaka wetu?"

Alikuwa Agnela, mama Eliasi, ametoka na kikombe cha chai mkononi. Agnela ni wakala wa forodha. Ofisi yake iko mjini, na kila siku anashughulika na mizigo ya mpakani Namanga, ya uwanja wa ndege na ya bandarini. Miaka yote hiyo walikuwa wanasalimiana tu juu ya mpaka. Elinami hakuwahi kumuuliza anafanya kazi gani hasa.

"Nakata isale, mama Eliasi. Nampelekea mkubwa wa bandari ya Tanga. Ameshikilia mashine yangu."

Agnela alitaka kucheka, lakini aliona macho ya jirani yake yamekuwa mekundu. Akaweka kikombe chini.

"Baba Princess, isale ni la watu waliokosana. Wewe na bandari mmekosana lini? Hebu njoo uketi, uniambie."

Elinami alimweleza yote. Alipofika kwa yule mtu wa chai, Agnela alitikisa kichwa.

"Huyo ni kishoka, wakala wa uongo. Usimpe hata senti. Mkubwa unayemtafuta wewe hayupo, mtu mmoja mwenye ufunguo wa kila mzigo. Unalijua soko la Tengeru?"

"Nani asiyelijua?"

"Lile soko ni la nani?"

"La halmashauri."

"Na ndizi za pale ni za halmashauri?"

"Hapana. Ndizi ni za akina mama."

"Umeona. Mwenye soko siyo mwenye ndizi. Bandari za umma za nchi hii ziko chini ya Mamlaka ya Bandari. Ni chombo cha serikali. Kinasimamia Dar es Salaam, Tanga, Mtwara, na bandari ndogo za pwani, mpaka za kwenye maziwa. Kazi yake ni kujenga gati, yaani pale meli inapofunga. Inachimba kina ili meli isikwame. Meli ikikaribia, rubani wa bandari anapanda na kumwongoza nahodha, maana yeye ndiye anayejua njia ya maji ya pale. Mizigo ikishuka, inalindwa na kuhifadhiwa. Zamani kule Tanga meli kubwa zilisimama mbali, mizigo ikaletwa kwa matishari, yale mashua bapa ya kubebea shehena. Kina kimeongezwa, gati likaboreshwa, siku hizi meli inafunga palepale."

"Lakini nilisikia bandari zimepewa makampuni," Elinami alisema.

"Mamlaka inaweza kuingia mkataba na kampuni ihudumie mizigo katika gati fulani. Hata sokoni, halmashauri inaweza kumkodisha mtu vibanda. Je, soko limekuwa lake?"

"Hapana."

"Basi na bandari inabaki mali ya umma."

Elinami alikuna kidevu. Maneno yalikuwa yanaingia. "Sasa kama mwenye soko hana ugomvi na mimi, kwa nini asimpe Gerson mashine?"

"Kwa sababu bandari haimpi mzigo mtu yeyote anayetaja jina. Leo Gerson angepewa kwa kutaja jina, kesho mwizi naye angetaja jina lako. Lazima kampuni ya meli iseme mzigo huu tumeuachia. Lazima watu wa forodha, yaani Mamlaka ya Mapato, waseme kodi imelipwa. Wakaguzi wanaweza kuukagua. Kisha tozo za bandari zinalipwa. Hapo ndipo geti linafunguliwa. Na sheria inataka hayo ya forodha yafanywe na wakala mwenye leseni. Kwa hiyo mdogo wako alikwambia kweli tupu."

Elinami alilitazama jani mkononi.

"Na kuna jambo jingine," Agnela aliendelea kwa upole. "Mzigo hupewa siku chache za kukaa bila kulipia. Zikipita, unalipia kila siku. Bandari siyo stoo yako, wenzako nao wanasubiri nafasi. Ukiuacha muda mrefu sana, unaweza kupigwa mnada."

"Mnada!" Elinami aliruka. "Mama Eliasi, nimekwisha!"

"Hujaisha. Ila umechelewa, na kuchelewa kuna bei yake. Ungenigongea mlango kabla meli haijatia nanga, tungeanza mapema. Niletee hati ya meli, ankara ya mashine, na namba yako ya mlipakodi."

Kazi ikaanza. Elinami alishangaa kuona mambo mengi yakifanyika kwenye kompyuta ya Agnela hapohapo Arusha. Kila malipo yalikuja na kontrol namba yake, yaani namba maalumu ya kulipia serikalini. Elinami alilipa benki, akapata risiti, wala hakuna mtu aliyemwomba chai. Ile gharama ya kuchelewa ilimuuma. Aliilipa kimyakimya, maana alijua nani aliyeisababisha. Yule kishoka alipopiga tena, Ruth ndiye aliyepokea simu, na alichoambiwa hakifai kuandikwa hapa.

Ruhusa zote zilipokamilika, Elinami alisafiri na Agnela kwenda Tanga. Kwenye geti, mlinzi alikagua kibali na vitambulisho, akawapa kofia ngumu na vizibao vinavyong'aa. Ndani, Elinami alisimama akitazama. Meli ilikuwa imefunga gatini, ndefu kuliko alivyowahi kuwaza. Winchi zilikuwa zikishusha mizigo, na kila mtu alijua mahali pake. Hakuna aliyekuwa akipaza sauti kutaja jina ili apewe mzigo, kama stendi.

Sanduku lake lilikuwa limepangwa vizuri, kavu, halijafunguliwa. Aliligusa kwa kiganja, na machozi yakamlengalenga. Mdogo wake hakuwa ameiuza mashine. Mdogo wake hakuwahi hata kuiona.

"Linapakiwa sasa," Agnela alisema. "Lori litaondoka jioni. Utarudi nalo?"

"Hapana," Elinami alisema. "Nina mtu niliyemkosea hapa mjini."

Alimkuta Gerson nyumbani kwake, anasahihisha madaftari barazani. Gerson alinyanyuka, akasimama mlangoni. Mkubwa hasalimii mdogo kwanza, lakini siku hiyo mkubwa ndiye aliyeanza.

"Gerson, mdogo wangu. Habari za hapa?"

"Shikamoo," Gerson alijibu bila kumwangalia.

Elinami alifungua gazeti alilolikunja. Ndani lilikuwa lile jani la isale. Masale hayanyauki upesi, na lilikuwa bado la kijani. Alilifunga fundo kama baba yao alivyowafundisha, akalinyoosha kwa mikono miwili.

"Uliniambia kweli nikakuita mwizi," alisema. "Nilisema mpaka kwa mama. Nimekosa."

Gerson alilitazama jani. Kisha akalipokea.

"Umelitoa Arusha mpaka huku?"

"Ukweli ni kwamba nililikata kwa ajili ya mkubwa wa bandari."

Gerson alimtazama kaka yake, akaangua kicheko mpaka akalazimika kuegemea mlango. Elinami naye akacheka, bega lake bovu likamuuma, akazidi kucheka.

"Wewe kaka! Bandari ukaipelekee isale!"

"Nimeshaambiwa. Niache."

Siku hizi Kimandolu huamshwa na mlio wa mashine. Bega la Elinami linapona, na vijana watatu wanajifunza kazi kwake. Mafundi wenzake wakitaka kuagiza vifaa ng'ambo, humwuliza, "Pale bandarini unamjua nani?" Yeye huwajibu, "Simjui mtu. Tafuta wakala mwenye leseni kabla meli haijafika, lipa kwa kontrol namba, na usimtukane mtu anayekwambia kweli."

Ubao wa kwanza uliotoka kwenye ile mashine Elinami aliutumia kutengeneza benchi dogo la jikoni. Mkesha wa Krismasi alipanda nalo Marangu. Gerson alikuwa ameshafika na basi la Tanga, na wakaliingiza benchi uani pamoja, kila mmoja ameshika upande wake.

Bibi Ndeshi alikuwa amesimama nje ya jiko. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo. Aliwatazama wanawe, mmoja halafu mwingine. Kisha akageuka, akavuta komeo, akafungua mlango wazi kabisa.

"Wekeni hilo benchi ndani," alisema. "Halafu nendeni mkamshike mbuzi. Wote wawili."