Baba Kemunto, Ulifunga Beringi Gani?

Nina miaka arobaini na tatu, mama wa watoto watatu, mkaaji wa Ekerenyo. Haya anayaandika binti yangu Kemunto nikimwambia, kwa sababu mkono wangu wa kulia umebaki na dole gumba tu...

Nilikuwa na mashine ya kusaga unga sokoni. Hiyo ndiyo iliyotulisha na kusomesha watoto. Lakini vumbi la wimbi na mahindi lilikuwa linaua beringi, zile za chuma zinazoshika shafti, mhimili wa mashine, izunguke bila kukwaruza. Nikachoka! Nikaenda Kisii mjini mwenyewe.

Mwenye duka aliniuliza unene wa shafti, kasi ya injini, uzito wa nyundo za kusagia. Nikamwambia adui yangu hasa ni vumbi. Akanichagulia beringi nzito, zimezibwa kwa raba pande zote mbili. Akanionya nisidanganywe na tundu la katikati, maana beringi inaweza kuingia kwenye shafti vizuri kabisa na bado ishindwe na mzigo. Nilirudi nimezipakata kama mtoto mchanga.

Ilikuwa Ijumaa. Sisi Wasabato, Ijumaa ni ya kupika na kufua kabla jua halijazama. Mume wangu akasema, "Mama Kemunto, nenda nyumbani ukatayarishe Sabato. Hii kazi ya chuma niachie mimi." Nikamshukuru! Nikasema leo nimeona mume...

Jumapili mashine ikaanza kulia. Nikamwita asikilize. Akacheka, eti beringi mpya lazima zizoee kwanza. Kilio kikazidi, nami nikazidi kuambiwa mwanamke hajui mambo ya chuma. Ningefanya nini? Si ni mume wangu?

Siku moja beringi ikakwama, shafti ikayumba, mkanda wa injini ukaruka na kuuvuta mkono wangu... Uuuwi! Nyasae, Mungu wangu, mbona mimi? Vidole vyangu vikabaki hospitalini.

Fundi alipofungua mashine alishangaa. "Mama, nani alikuuzia hizi? Ni nyepesi, tena ziko wazi! Vumbi limejaa ndani." Nilimtazama mume wangu. Akainama.

Jamani! Zangu alikuwa amempelekea Moraa, mwanamke wa ng'ambo ya mto ambaye naye alikuwa ameanza kusaga. Ndipo nikaambiwa na hayo mengine, ambayo soko lote lilijua isipokuwa mimi. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Wazee wa kanisa walituketisha, wakaniomba nisamehe. Mume wangu akalia machozi mbele yao, kisha akarudi kwa Moraa. Mashine yangu imefungwa kufuli. Majani chai siwezi kuchuma, hiyo yataka mikono miwili.

Sasa watoto wakitaka obokima, ugali wetu wa wimbi, hapa karibu kuna mashine moja tu inayosaga. Kemunto hubeba debe, huvuka mto, husagiwa na Moraa kwa beringi zangu. Ninakula huku ninalia. Nikikataa, watoto walale njaa?

Dada zangu, ndugu zangu, nawasihi... Ukinunua beringi, eleza mzigo, kasi na vumbi, usipime tundu pekee. Halafu usiende nyumbani! Simama hapo hapo ukiona kwa macho yako mpaka ifungwe, hata kama anayefunga ni mume wako wa ndoa. Chakula kilichochelewa bado kinalika. Vidole haviwezi kuota tena.