Pishi ya Nne

Soko la Palma, kaskazini mwa Msumbiji, lilikuwa limefurika watu, kumi la mwisho la Ramadhani limeingia. Tangu gesi ipatikane baharini mji ulijaa wageni, na mchele ukapanda bei hata wajane wakawa wanafuturu kwa chai ya rangi. Ndiyo maana Zuleica, buibui jeusi mwilini na kapulana, kitenge cha manjano, begani, alikuwa akipita duka kwa duka na gunia, akiwakusanyia wajane hao chakula cha Idi pamoja na akina mama wa msikiti.

Mbele ya duka la Mzee Mussagy, gunia likapasuka.

"Usiguse! Mchele wa wajane huo," alimfokea kijana aliyechutama mbele yake.

"Naokota tu, dada. Sijaanza kuiba."

Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, kitambulisho cha kampuni ya gesi kikining'inia shingoni, na magoti tayari yamejaa vumbi.

"Unaitwa nani, mwokotaji?"

"Chamsudine. Dereva wa kampuni. Na weye?"

"Mie nimefunga."

"Jina zuri, Bi Nimefunga."

Zuleica akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza. Kuanzia siku hiyo Chamsudine alitoka kazini moja kwa moja kuja kubeba magunia, na kila mmoja akishafuturu kwao, humpigia simu.

"Umekula nini, mpenzi?"

"Muhogo wa nazi. Acha maneno mengi, saldo yako ya simu itaisha."

"Iishe. Nafanyia kazi nini?"

Zuleica, aliyekwisha kuwakataa wachumba wawili, sasa alikaa na simu ya selulari mapajani kama mtoto wa shule. Alimpenda, basi.

Siku ya ishirini na nane akina mama walikaa kwenye baraza ya msikiti kupokea fitri. Kila mwenye nyumba huleta pishi ya mchele kwa kila kichwa anachokilisha, na huwataja. Chamsudine alileta pishi nne.

"Za nani na nani?" Zuleica aliuliza, macho yakimcheka.

"Yangu. Ya mama, yuko Quiterajo. Ya Haula." Akashusha sauti. "Na ya aliye tumboni mwa Haula."

Zuleica akapima pishi ya nne, mchele ukamwagika kidogo mkekani. "Wa tumboni si lazima."

"Najua. Nataka naye ahesabiwe."

"Mungu akupokelee," alijibu kwa sauti anayompa kila mtu, akamwita anayefuata.

Fitri ya mke na mtoto hutolewa na mume, nani asiyejua? Angeweza kuuliza Haula ni nani, lakini kuuliza ni kukiri kwamba ameumia, na Zuleica alikuwa na kiburi. Usiku huo simu ililia mara saba. Ya nane akapokea.

"Zuleica wangu, nimekukosea nini? Idi mosi, baada ya swala, naondoka. Wamenipa kontrato ya kazi mjini Pemba, huko kusini, mwaka mzima. Nilitaka nilete posa kabla."

"Mshughulikie huyo mwenye mimba aliye nyumbani kwako!"

"Nilidhani weye hutomhukumu," alisema Chamsudine, akakata.

Asubuhi ya Idi, Zuleica alirudi nyumbani baada ya kuwagawia wajane wa mwisho, akamkuta msichana mlangoni, dira la kijani, tumbo mbele, sahani ya visheti mkononi.

"Dada Zuleica? Mie Haula. Nimekuja kwa ajili ya kaka yangu."

"Kaka yako?"

"Chamsudine. Tumbo moja. Aliyenipa mimba alikuwa fundi wa meli za utafiti. Kazi ilipokwisha kaondoka, simu kazima. Quiterajo walinisema hadi nikashindwa kukaa, kaka kanichukua. Kama hunitaki mie, dada, nitahama. Yeye usimwache."

Aibu ilimshika Zuleica. Alimkumbatia yule msichana na sahani yake, kisha wakaenda stendi, wakitembea kwa mwendo wa Haula.

Chamsudine, kanzu bado mwilini, alikuwa akipakia begi.

"Nilidhani ni mkeo," Zuleica alisema mbele ya abiria wote. "Nisamehe."

"Mke?" Chamsudine akamgeukia. "Mie nilidhani unamdharau dada yangu."

"Sikujua kama ni dada yako. Nimekesha nikilia, Chamsudine."

Uso wake ukalainika, lakini hakusogea. "Nikikuoa, nyumbani kutakuwa na mtoto asiye na baba. Watu watasema ni wangu."

"Waseme. Hata mie nilisema."

Dereva akapiga honi.

"Baba yuko nyumbani," Zuleica alisema. "Nenda kampe mkono wa Idi, umweleze shida yako. Gari lingine kesho."

"Niende hivihivi? Bila mshenga?"

"Mshenga si huyu hapa?"

Haula alifunika mdomo kwa ushungi, machozi yakimtoka. Chamsudine akashusha begi. Haula akashika njia mbele yao, mkono kiunoni, akiwahimiza waongeze mwendo, maana jua kali na yeye ana njaa ya watu wawili.