Vipande Visivyojuana

Tik. Feni ikavuma kidogo. Tik. Kimya.

Kulikuwa bado na giza, lakini Nuria hakuhitaji taa kujua kinachoendelea sebuleni. Mumewe, Hanif, alikuwa ameamkia kompyuta tena. Wengine wakiamka huwasha jiko. Yeye huwasha kompyuta isiyowaka.

"Imezima," akasema Najwa, binti yao mdogo, akiwa chini ya blanketi. Wiki nzima hilo ndilo lilikuwa neno lake.

Nuria na Hanif wanaishi Section 58, Nakuru. Hanif hupiga video za harusi, naye Nuria huzihariri. Laptopu yao ilikuwa imechoka. Ukifungua video mbili, inaganda. Ndipo wakaamua kujiundia kompyuta yenye nguvu.

Sasa video ya harusi ya Jannat, mteja wao, ilikuwa inangoja kuhaririwa. Jannat angesafiri Jumapili kumfuata mumewe ng'ambo. Nyanya yake, mgonjwa wa kitandani huko Subukia, hakuiona harusi. Jannat aliomba kitu kimoja tu: akae na nyanya waitazame pamoja kabla hajaondoka.

Shida ni kwamba Hanif alinunua vipande kama mtu anayejenga nyumba ya mabati pole pole. Leo mlango, kesho dirisha, chochote kinachopatikana. Akiona kitu kizuri, anasema kitapata mahali pake. RAM aliyoleta kwanza, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ilikuwa na taa za rangi, lakini pengo lake halikulingana na nafasi yake kwenye ubao wa kompyuta. Hanif akataka kuisukuma kwa kidole gumba.

"Hata iwake kama ukumbi wa harusi, haiingii," Nuria alimwambia. "Iache kabla hujaivunja."

Wakaibadilisha dukani. Ya pili ikaingia. Prosesa nayo, ambayo ndiyo akili ya kompyuta, ilikuwa imeingia vizuri. Na bado: tik, kimya.

Asubuhi hiyo Nuria alichoka kuvumilia. Alijitanda mtandio, akapanda ngazi hadi kwa jirani yao Namalwa, fundi wa kompyuta. Namalwa akashuka na kikombe chake cha chai mkononi. Akaikagua ile motherboard, yaani ubao mkubwa unaobeba vipande vyote.

"Baba Najwa, ulianza kununua nini?"

Hanif alijibu kwamba alianza na kasha la kutilia vipande, kwa sababu lilikuwa na kioo.

Namalwa alimeza chai kama mtu aliyeungua ulimi. Kisha akaeleza. Unaanza na kazi yenyewe. Kuhariri video kunataka prosesa yenye nguvu, RAM ya kutosha na diski ya kasi. Ukishachagua prosesa, unatafuta ubao unaoikubali. RAM inafuata aina ya ubao. Pawa saplai, inayogawa umeme, lazima itoshe vipande vyote na ibakishe kidogo. Kasha ndilo la mwisho.

"Lakini prosesa iliingia," Hanif akajitetea. "Tena bila kulazimishwa."

"Soketi, mahali inapoingia, inalingana, ndiyo. Lakini ubao huu ulitengenezwa kabla ya prosesa hii. Programu ndogo iliyo ndani ya ubao haiijui. Inaona mgeni, inazima."

"Hata Najwa ukimsukuma ataingia gredi ya saba," Nuria akasema. "Ataelewa nini?"

Hanif alicheka kidogo, akaona anacheka peke yake, akaacha.

Namalwa aliwaonyesha kwenye simu ukurasa wa kampuni iliyotengeneza ubao. Kulikuwa na orodha ya kila prosesa na kila RAM inayokubaliwa na ubao huo. Prosesa yao ilikuwemo, ila ilihitaji ubao uwekewe programu mpya zaidi.

"Kabla hujanunua chochote, uliza ubao kwanza," alisema. "Ubao ndio mwenye nyumba."

Alileta prosesa kuukuu ambayo ubao ule uliijua. Akaifunga, akaweka programu mpya kwa flashi. Alionya kwamba umeme ukikatika katikati, ubao unaweza kufa. Hanif akasimama mbele ya swichi ukutani kama askari wa geti, asimruhusu mtu kupita. Kisha prosesa yao ikarudishwa.

Tik. Feni ikavuma. Ikaendelea kuvuma. Picha ikatokea.

Namalwa alikuta pia pawa saplai haitoshi kwa kadi yao ya picha, ile inayochora video kwenye skrini. Hanif akaenda kuibadilisha, lakini safari hii Nuria alikuwa mbele na hesabu ya wati mkononi.

Nuria alihariri siku mbili, Jannat akaja kuichukua video kwenye flashi. Jumamosi, Jannat alipiga simu ya video kutoka Subukia. Nyanya alikuwa ameegemea mito, macho kwenye televisheni, akitaka irudishwe pale bibi harusi anapoingia. Jannat alikuwa ameshairudisha mara tatu. Nuria alifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Simu ilipokatika, Hanif akakohoa. Akasema polepole kwamba ameona RAM nyingine mahali, nzuri sana, karibu bure.

Nuria alifumba macho. Kabla hajajibu, Najwa aliinua kichwa kutoka kwenye uji wake.

"Baba, uliza ubao kwanza."