Maneno Kumi na Mawili ya Sindano

— Niambie hayo maneno. Mimi si mpita njia, mimi ni mtu wako.

Mteja wa mwisho alikuwa ametoka, saluni imebaki na harufu ya nywele zilizochomwa. Sindano aliendelea kufagia. Jina hilo alipewa na wateja wake, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Aliyekuwa akimsihi ni mchumba wake, fundi friji mwenye mikono mipana na sauti ya upole. Ndoa yao ilikuwa imeshapangiwa tarehe.

Maneno yenyewe yalikuwa kumi na mawili, na ndiyo yaliyofungua akiba yake ya bitkoini, ile sarafu ya mtandaoni. Kila Jumamosi Sindano alinunua kidogo, bei iwe imepanda au imeporomoka. Akishanunua, hakuiacha kwa wauzaji hata usiku mmoja. Aliihamishia kwenye pochi yake mwenyewe ya simu. Anayeyajua maneno ndiye mwenye mali, na yeye aliyahifadhi kichwani.

Fundi alitaka akiba hiyo ihamie kwenye kampuni ambako kaka yake alikuwa meneja. Kampuni hiyo ilitunza sarafu za watu na kuwalipa faida kila mwezi. Yeye za kwake alikwisha kuzipeleka zote. Mama yake naye alikuwa ameshatamka kwamba mwanamke haolewi na sanduku lenye kufuli.

Sindano akamkumbusha yaliyompata baba yake. Mzee alikuwa dereva wa tajiri mmoja. Tajiri alipoanza kuchunguzwa, serikali ikazifungia akaunti za kila aliyelipwa naye, mpaka ya dereva. Mzee akaugua huku pesa zake mwenyewe zikiwa benki na hazigusiki. Barua ya kumsafisha ilikuja, ila ilimkuta ameshazikwa.

— Hayo nayajua, Fundi alisema. Lakini mimi si benki, wala si serikali. Nitakuwa mume wako.

— Nitakupa kila nilicho nacho. Hayo maneno sikupi.

— Na kesho ukigongwa na gari? Utazikwa nayo?

Sindano akafagia mahali alipokwisha kufagia. Fundi akachukua mkoba wake wa vifaa akatoka, na kabla jua halijazama ujumbe ukaingia: "Mke atakayenifungia mlango simuwezi. Harusi tuisimamishe."

Aliusoma akiwa ameegemea kioo cha saluni. Akajibu: "Sawa. Wewe waambie wa kwenu, mimi nitawaambia wa kwetu."

Akaweka simu chini, akalia mpaka kope zikavimba. Asubuhi yake wateja walipomuuliza, alisema ni dawa ya nywele. Jumamosi ilipofika alinunua kama kawaida.

Miezi miwili baadaye ile kampuni ikatiwa kufuli na serikali. Wakubwa wake walituhumiwa kuchota mali za wateja. Fundi alifungua simu yake, akaona akiba yake imeandikwa pale vizuri, kila tarakimu mahali pake. Akabonyeza kutoa. Hakuna kitu. Akabonyeza tena na tena, kisha akakaa juu ya friji la mtu alilokuwa akilitengeneza, ameshika kichwa. Alimtafuta Sindano kwenye majina ya simu mara nyingi. Aibu ikamzuia kupiga.

Kaka mtu alipobanwa aeleze sarafu zilikokwenda, alitafuta pa kutokea. Akasema sehemu ya sarafu hizo imefichwa kwa msusi mmoja, mchumba wa mdogo wake.

Wakaja saluni asubuhi, maafisa wawili wa upelelezi, kaka mtu, na Fundi ambaye alikuwa ametolewa kazini bila kuambiwa anakopelekwa. Mteja aliyesukwa nusu kichwa akabaki ameduwaa kitini. Afisa mkubwa akamwamuru Sindano afungue simu.

— Kibali cha mahakama kiko wapi?

— Dada, usitufundishe kazi.

— Sifundishi mtu. Baba yangu hakuuliza, akafa anasubiri. Mimi nauliza.

Afisa akasema simu wataichukua kwa uchunguzi, kufungua atafungulia mbele ya hakimu. Sindano akaikabidhi, akadai hati ya mapokezi, akasimama pale pale mpaka ikaandikwa na kusainiwa. Ndipo afisa akamgeukia Fundi.

— Wewe ulikuwa unamuoa huyu. Hizo sarafu ni za kampuni?

Kaka mtu akamkazia macho mdogo wake. Neno moja la ndiyo lingempunguzia kaka mzigo, na Fundi alilijua hilo. Alijua pia kwamba mama yao alikuwa nyumbani akiomba mtoto wake mkubwa asifungwe.

— Ni zake, alisema. Alikuwa akinunua kabla hajanifahamu. Mimi mwenyewe nilimwomba azilete kwenye kampuni, akanikatalia. Laiti na mimi ningekataa kaka aliponiomba.

Kaka mtu akatazama sakafu. Sindano akamtazama Fundi kwa mara ya kwanza tangu aingie.

Walipoondoka alimalizia kichwa cha mteja, kisha akaenda kununua simu ya bei rahisi. Akaandika maneno yake kumi na mawili, moja baada ya jingine, na akiba yote ikatokea kama alivyoiacha. Stakabadhi za kila alichonunua alizipeleka kwa wakili, naye akazifikisha mahakamani. Hakimu akasema mwanamke huyu hahusiki. Simu ilirudishwa imepasuka kioo, bila hata pole.

Siku hiyo hiyo Fundi alikuja. Akakaa kwenye benchi la wateja mpaka zamu yao ikaisha. Akaomba radhi kwa maneno machache na hakugusia akiba. Alikuwa amesimama kuondoka, Sindano akamzuia.

— Uliniuliza nikigongwa na gari itakuwaje. Nimelifikiria.

Akamweleza kwamba amefungua pochi mpya ya simu yenye funguo tatu, kila ufunguo na maneno yake, na haifunguki bila mbili kukutana. Ufunguo mmoja ni wake, wa pili upo kwa dada yake. Hata yeye mwenyewe peke yake sasa hawezi kutoa kitu.

— Na wa tatu?

— Wa tatu ni wako, ukiutaka.

Fundi alikaa tena.

— Kwa nini leo?

— Kwa sababu ungedanganya ungemwokoa kaka yako. Nilikuwa nakusikiliza.

Walifunga ndoa kwa msajili, kisha wakala chakula uani kwa mama mkwe. Kaka mtu, aliyetoka kwa dhamana, alikuja na shati lililopigwa pasi vizuri. Watu walipokuwa wameshiba akasimama, akasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba ukoo ni mmoja, kesi yake inakaribia, na shemeji yake ana uwezo. Ampe tu yeye pesa, naye atamlipa wakili mwenyewe. Mama mkwe akaanza kujifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Bibi harusi akamgeukia mumewe. Fundi akafikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa.

— Shemeji, Sindano akasema, wakili tutakulipia, kwa ajili ya mama. Lakini tutamlipa wakili mwenyewe mkononi mwake. Wewe hela yetu haipiti kwako.

Wa kwanza kucheka alikuwa mama mkwe, machozi bado yakimtoka. Kaka mtu akakaa, akavuta sahani yake karibu.