Ukoka wa Mama

Kila asubuhi Fundi Saa alikunywa chai dirishani, akiangalia nje. Mbele ya dirisha kulikuwa na uwanja mdogo wa ukoka. Mkewe marehemu aliupanda kwa mikono yake, kipande kwa kipande.

Tangu msiba, Fundi hakutaka mtu auchane kwa reki kuondoa makavu. Basi mashina na mizizi mikavu ikarundikana chini ya majani mpaka ikawa godoro. Paka wa jirani alizama humo asubuhi, akatokea jioni amezeeka! Mvua ikinyesha, maji hayakupenya. Ukoka ukaanza kuwa wa manjano.

Binti yake wa mwisho, Kitinda, aliona huruma. Baba alipokwenda kwenye kibanda chake cha kutengeneza saa, binti alichukua reki ya chuma, akakwangua. Godoro likatoka. Akazidi kukwangua, hadi udongo mtupu.

Baba aliporudi, aliuona udongo mtupu tangu getini.

"Umemng'oa mama yako," alisema.

Hakusema naye tena. Chakula alikula, lakini salamu hakuitikia.

Kitinda alilia mpaka mtaa mzima ukadhani bomba limepasuka. Ndipo akaja jirani yao, Bibi Uwanja. Walimwita hivyo kwa sababu alitunza nyasi za uwanja wa mpira hadi alipostaafu.

"Shikamoo, bibi. Nimeua ukoka wa mama."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu acha kumzika aliye hai." Bibi alipiga magoti, akachimbua kwa kidole. "Unaona nini?"

"Kitu cheupe, kama uzi."

"Hilo ni shina, linatambaa chini. Likiwa jeupe na gumu, bado lina uhai. Kosa lako ni kutoa godoro lote kwa mkupuo. Ungechana kidogo, ukaupumzisha, ukachana tena. Bahati yako ni msimu wa joto, ukoka unakua. Ingekuwa baridi, ningekusaidia kulia."

"Sasa nifanye nini?"

"Zoa mabaki yote. Tandaza udongo mwepesi, ufunike mizizi iliyo wazi juujuu tu, usiifukie. Mwagilia kidogo kidogo, udongo usikauke. Ukishachipua, mwagilia mara chache, lakini maji yazame hasa."

"Na mbolea? Nimeshanunua mfuko mzima."

"Mfuko mzima! Unataka kuupika? Ngoja uchipue. Kisha nyunyiza kidogo tu, umwagilie hapohapo. Dawa ya magugu usiiguse kwa sasa. Na mtu asikanyage, hata awe mkwe."

Kitinda alifunga kamba kuzunguka uwanja, akafuata kila neno. Baba alitazama akiwa dirishani.

Majani yakachomoza, kwanza kama sindano, kisha kwa mafungu. Lakini katikati palibaki upara. Bibi Uwanja akatikisa kichwa.

"Hapa mizizi imekwisha. Kata vipande vyenye mizizi pale pembeni, upandikize. Ukoka utatambaa wenyewe."

Kitinda alipokuwa amepiga magoti na kisu, alisikia mlango ukifunguliwa.

"Usilete wa kwingine," baba alisema.

Kitinda aligeuka. "Nakata wa hapahapa, baba. Ni uleule wake."

Baba alichuchumaa, magoti yakalia kama kiti kibovu. Akachukua kipande kimoja, akakishindilia udongoni kwa kidole gumba.

"Nilidhani nisipouruhusu kuguswa, na yeye atabaki," alisema.

"Najua, baba. Na mimi nilidhani nikiusafisha, utacheka tena."

Hakuna aliyecheka. Waliendelea kupanda.

Upara ukafunga. Wakakubaliana kwamba tangu hapo, kila joto likianza, watachana kidogo, wala hawatasubiri godoro.

Siku ya kuukata mara ya kwanza, baba alisukuma mashine mwenyewe. Aliinua kisu cha mashine juu, kama Bibi alivyoagiza, asikate sana. Alipomaliza, alikaa chini katikati ya ule ukijani, akalia kwa sauti. Hakuwa amelia hivyo hata siku ya mazishi.

Kitinda aliketi kando yake. Hakumwambia anyamaze.