Ndimu Kwenye Meno ya Shaba

Kila akitoka shule, Adila alivua sare, akala, akaenda dukani kwa shangazi yake Hajra, fundi wa redio na televisheni mjini Bagamoyo. Wiki ile kazi ilikuwa mashine ya gemu ya zamani, kubwa kama kabati, iliyonunuliwa kuukuu hotelini. Shangazi aliwaahidi watoto wa mtaa kwamba Idi Pili wangeicheza. Idi ya kuchinja ilikuwa imebakiza siku tatu.

Ndani ya mashine mlikuwa na bodi ya umeme, pana kama sinia na imejaa vumbi. Ukingoni ilikuwa na meno madogo ya shaba hamsini na sita, yanayochomekwa kwenye soketi ndefu ili umeme upite. Hewa ya chumvi ilikuwa imeyavisha kutu ya kijani. Soketi shangazi aliisafisha mwenyewe. Bodi akamwachia Adila: vumbi kwa brashi laini, kutu kwa raba ya kufutia, jino moja moja, kisha pamba yenye spiriti.

Adila alisugua mpaka vidole vikauma. Alipohesabu, alikuwa amemaliza meno kumi na moja tu. Pazi, anayesoma naye, akachungulia mlangoni.

"Fundi gemu, ni Idi hii au ya mwakani?"

Maneno yale yalimchoma Adila. Shangazi alipokwenda kuswali alasiri, Adila akakumbuka dele la kahawa la nyumbani, ambalo kila Idi ikikaribia husuguliwa kwa ndimu na chumvi hadi liwake. Dele ni shaba, na meno haya ni shaba. Akatafuta ndimu na chumvi, akasugua. Dakika kumi tu, yote yaling'aa. Akayapangusa kwa ncha ya khanga, akaichomeka bodi ingali na majimaji.

Shangazi aliporudi, akawasha na picha ikatokea safi. Akamsifu kwamba ana mkono wa fundi. Adila akainamisha uso, akazipokea sifa.

Kesho yake kioo kilijaa mistari. Shangazi akafungua mashine, akapima nyaya, akabadilisha mbili, akafunga. Mistari. Akafungua tena. Wateja wa redio walikuja wakaondoka, kila mmoja akiambiwa arudi baada ya Idi. Soketi hakuiangalia, maana aliisafisha kwa mkono wake.

Mchana wa mkesha wa Idi alikuwa akichomelea waya wa tatu alipojiunguza kidole. Akabwaga chuma cha kuchomelea mezani, akakaa kitako.

"Nimeiua mwenyewe," alisema taratibu. "Nenda kawaambie wenzako gemu hakuna."

Adila akafika mlangoni, akageuka.

"Shangazi, si wewe. Ni mimi. Nilitia ndimu."

"Ndimu gani?"

"Ndimu na chumvi, kama dele. Tena nikaichomeka haijakauka."

Shangazi akachukua tochi, akamulika ndani ya soketi. Majimaji yalikuwa yamechuruzika humo, na pini zote zilikuwa zimeota kijani upya. Akashusha pumzi, akamsogezea Adila raba.

Wakaitoa chumvi kwa maji kidogo ya chupa, wakakausha kwa feni, wakapitisha raba na spiriti. Safari hii Adila hakuruka hata jino moja. Kabla ya magharibi mashine iliwashwa, na mistari haikuonekana tena.

Idi Pili watoto walijaa dukani, Pazi mbele yao. Shangazi alimvuta Adila pembeni, akasema naye kwa upole.

"Mwanangu, kazi ya jino moja moja haina njia ya mkato. Lakini kukosea hata mimi hukosea. Kosa la ndimu tulilirekebisha kwa saa mbili. Kimya chako ndicho kilichonilia siku mbili, nikitafuta ugonjwa mahali usipokuwepo. Ukiharibu, sema mapema."

"Nimekusikia, shangazi," alijibu Adila, akaenda kuwapanga wenzake foleni.